Deni la Siku za Mapumziko

Madeni ni ya namna nyingi. Liko deni la fedha, ambalo kila mtu analijua. Liko deni la mahari, ambalo ukoo mzima hulikumbuka. Na liko deni la fadhila, ambalo mtu hulilipa maisha yake yote asilimalize. Lakini liko na deni jingine lisilozungumzwa sana, ingawa limewafunga pamoja waajiri na waajiriwa wengi. Hilo ni deni la siku.

Deni hili huzaliwa hivi. Mfanyakazi huitwa kazini siku aliyostahili kupumzika, naye huitika kwa kuwa kazi haiwezi kungoja. Huahidiwa kwamba atapewa siku nyingine badala ya ile. Siku hiyo ya badala huenda ikaandikwa daftarini, au huenda isiandikwe kabisa. Majuma hupita, miezi hupita, nayo bado haijachukuliwa. Je, siku hiyo imekwenda wapi? Ni mali ya nani? Na mwenye kuiahidi afanye nini nayo?

Wako wanaojibu upesi kwamba siku isiyochukuliwa imekufa, na hapana haja ya kuifufua. Wako wengine wanaosema kwamba igeuzwe fedha, na mambo yaishe. Mimi naona kwamba wote hao wamesahau jinsi deni lenyewe lilivyoanza. Basi, msomaji wangu, kabla ya kutoa hukumu, yafaa turudi nyuma tuitazame historia ya siku ya mfanyakazi katika nchi yetu ya Kenya na katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki.

Tuanze na neno ambalo kila mtoto wa Kenya analijua, nalo ni kibarua. Leo neno hili lina maana ya mtu afanyaye kazi ya kutwa, au kazi yenyewe. Lakini ukilitazama vizuri utaona kwamba ni barua ndogo. Hapo kale, katika miji ya Unguja na Mombasa, mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi cha kushuhudia kazi yake, na kwa kijikaratasi hicho alipata ujira. Hatimaye jina la karatasi likawa jina la mtu aliyeishika. Wengi wa vibarua hao wa kwanza walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira wao, aghalabu nusu, ilikwenda kwa bwana. Kwa hiyo tangu mwanzo siku ya kazi ilikuwa kitu cha kuandikwa, na asiyekuwa na maandishi hakuwa na siku.

Na siku ya kupumzika je? Katika mashamba ya karafuu ya Unguja katika karne ya 19, ilikuwa desturi kwamba mtumwa amtumikie bwana wake siku tano, na siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, ziwe zake. Siku hizo alilima kijishamba chake mwenyewe apate chakula chake. Asije mtu akadhani kwamba nausifu utumwa kwa kulitaja jambo hili. Siku zile mbili zilikuwa desturi tu, hazikuwa haki. Bwana alipozivunja, mtumwa hakuwa na mahali pa kushtaki. Utumwa ulifutwa kwa sheria huko Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini somo moja limebaki: mapumziko yanayotegemea hisani ya mkubwa hayana nguvu siku mkubwa anapokuwa na haraka.

Baada ya hapo tuingie bara, katika mashamba ya walowezi. Huko wafanyakazi wengi waliajiriwa kwa tikiti. Tikiti ilikuwa karatasi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, msimamizi aliweka alama katika nafasi moja. Na nafasi zote 30 zilipojaa, mtu alipokea mshahara wake. Kwa kawaida aliruhusiwa kuzijaza siku hizo 30 katika muda wa siku 42. Hivyo zilikuwapo siku 12 ambazo angeweza kwenda kwake, kuuguza mtoto, kulima, au kulala tu akapumzika.

Ukifikiri kijuujuu utasema kwamba mpango huo ulikuwa wa huruma. Lakini tazama mambo mawili. La kwanza, siku zile 12 hazikuwa na malipo yoyote. Aliyepumzika alipumzika kwa gharama yake mwenyewe. La pili, kalamu ilikuwa mkononi mwa upande mmoja. Msimamizi akisema kazi haikukamilika, hakuweka alama, na jasho la siku nzima likawa si kitu. Malalamiko ya namna hiyo yalikuwa mengi katika enzi ya ukoloni. Mtu aliweza kutoka shambani jioni akiwa amechoka sawasawa na wenzake, lakini tikiti yake ikasema kwamba siku ile hakuwapo duniani.

Pamoja na tikiti kilikuwako kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, katika miaka ya 1919 na 1920. Mwanaume alitakiwa kuchukua karatasi zake popote aendapo, na wengi walizivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Humo mwajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi na siku alipoachishwa. Asipotia sahihi ya kumruhusu kuondoka, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Na maskwota, yaani wale walioishi na kulima katika mashamba ya walowezi, walitakiwa kwa sheria ya mwaka 1918 kumfanyia mwenye shamba kazi ya siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Katika miaka ya 1940 sehemu nyingine zilipandisha idadi hiyo hadi siku 240, na hata 270. Hebu fikiri: daftari liliandikwa kwa uangalifu mkubwa sana kuhesabu siku ambazo mfanyakazi alidaiwa, lakini siku ambazo mfanyakazi alidai hazikuwa na daftari.

Hapo ndipo tunapofika penye kiini cha maneno yetu. Kibarua wa zamani, pamoja na umaskini wake, alikuwa na kitu kimoja mkononi mwake: hiari ya kuchagua siku ya kupumzika. Wachukuzi wa bandari ya Mombasa walijua hivyo. Walipata ujira wa kutwa, na mtu aliyekwisha pata ya kutosha aliweza kukaa nyumbani kesho yake. Lakini hiari hiyo ilikuwa na bei kali. Meli zisipofika, hapakuwa na kazi. Na pasipokuwa na kazi hapakuwa na chakula. Kodi za vyumba zilipanda, na bei za vitu zilipanda pia.

Ndiyo sababu Mombasa ikawa mji wa migomo. Wafanyakazi waligoma mwaka 1939. Wakagoma tena mwezi wa Januari mwaka 1947, wakati maelfu ya watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani walipoacha kazi kwa muda wa siku kumi na kitu, wakakutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo chama chao kilipozaliwa, kikiongozwa na Chege Kibachia, ambaye mwaka ule ule alikamatwa na kupelekwa mbali na mji. Huko Nairobi, Makhan Singh na wenzake walikuwa wamekwisha kudai, tangu mwaka 1936, kwamba siku ya kazi isizidi saa nane. Yeye naye alilipa kwa kuwekwa kizuizini tangu mwaka 1950 hadi 1961. Tunapozitaja saa nane leo kana kwamba zilishuka kama mvua, tukumbuke kwamba ziko nyumba zilizokosa baba kwa sababu yake.

Baada ya misukosuko hiyo serikali na waajiri walianza kutaka wafanyakazi wa kudumu, wasiokuja leo na kutoweka kesho. Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilishauri kwamba mshahara umtoshe mtu mzima pamoja na jamaa yake, ili atulie kazini. Bandarini pia mpango wa vibarua ulipunguzwa hatua kwa hatua, na watu wakaanza kuandikwa kwa mwezi. Na huku ndiko kuzaliwa kwa yale mapatano mapya ambayo tunaishi nayo hata sasa. Mfanyakazi alimwambia mwajiri: nitakuja kila siku utakayoniamuru, sitachagua tena mwenyewe. Mwajiri naye akajibu: maadam umeniachia mimi kuzipanga siku zako, ni juu yangu kuhakikisha kwamba unapumzika.

Mfanyakazi, basi, hapewi mapumziko kama zawadi. Aliyanunua, tena kwa bei ya hiari yake. Kama mwajiri amechukua hiari ile na asitoe mapumziko, amechukua bidhaa bila kulipa.

Fikira hiyo haikuwa ya Kenya peke yake. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mwaka 1921 mkataba wa kumpa mfanyakazi wa viwandani siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na mwaka 1936 likapitisha mkataba wa likizo ya mwaka yenye malipo. Mkataba wa likizo ulitengenezwa upya mwaka 1970, na Kenya ikauridhia mwaka 1979. Ndani yake mna kanuni mbili za kukumbukwa. Ya kwanza ni kwamba likizo haiwezi kuahirishwa milele. Ya pili ni kwamba mapatano ya kuiacha likizo ya lazima ili mtu apokee fedha hayakubaliwi. Waliotunga mkataba walijua kwamba mtu mwenye shida atauza hata usingizi wake, na kwamba mnunuzi hatakosekana.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ilifuata njia hiyo. Kifungu cha 27 kilimpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kilimpa siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili. Siku hizo zaweza kugawanywa kwa mapatano, lakini fungu moja liwe la majuma mawili mfululizo, nalo lichukuliwe ndani ya mwaka wenyewe. Na masalio yachukuliwe kabla ya kupita miezi 18 tangu mwisho wa mwaka huo. Mtu akiachishwa kazi kabla ya mwaka kutimia, maadam ametumika miezi miwili au zaidi, huhesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliotimiza. Hesabu hiyo ni nyepesi: moja na robo tatu mara 12 ni 21, na aliyefanya kazi miezi minane ana siku 14. Zaidi ya hayo, sheria ilimtwika mwajiri mzigo wa kuweka maandishi ya siku za likizo alizostahili mtu, alizochukua, na zilizobaki. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka! Kalamu bado imo mkononi mwa mwajiri, kama siku za tikiti; lakini sasa inamlazimu kuandika hata deni lake yeye mwenyewe.

Na ile siku ya badala, tuliyoanza nayo, iko wapi katika haya yote? Amri za mishahara za Kenya zimekubali kwamba mwajiri na mfanyakazi waweza kupatana kuiahirisha siku ya juma ya mapumziko, na kwamba siku zilizoahirishwa zaweza kukusanywa, kwa kiwango chenye mpaka, zikachukuliwa baadaye kama likizo yenye malipo. Neno kubwa hapo ni kupatana. Mkubwa hawezi kuahirisha peke yake. Na kinachoahirishwa hakijafutwa.

Tuchukue mfano ulio karibu nawe. Katika shule ya bweni wanafunzi hula Jumapili kama walavyo Jumatatu. Basi yuko mpishi anayewasha moto alfajiri ya Jumapili, na yuko mlinzi anayekesha langoni usiku wa sikukuu. Tuseme kwamba mpishi huyo huitwa Jumapili moja katika kila mwezi, siku ambayo ingekuwa yake, kwa ahadi ya kulipwa siku nyingine. Kwa mwaka ni siku 12. Kwa miaka mitano ni siku 60. Kwa mtu afanyaye kazi siku sita kwa juma, siku 60 ni majuma 10 kamili. Hakuna aliyekusudia kumwibia mpishi majuma 10. Kila Jumapili ilikuwa na sababu yake: leo wazazi wanakuja, leo mwenzake ni mgonjwa, leo kuna mashindano ya michezo. Haba na haba hujaza kibaba, na deni nalo hujaa vivyo hivyo.

Sasa mkuu wa shule anahamishwa, anakuja mwingine. Mpishi anamwendea na kusema, "Mwalimu, nina siku zangu 60." Mkuu mpya anauliza, "Ziko wapi?" Akifungua daftari, hakuna kitu. Hawezi kumwita mpishi mwongo, wala hawezi kumsadiki. Mpishi naye anaondoka akinung'unika, na tangu siku hiyo hapiki kwa moyo ule wa kwanza. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Siku nazo ni mali.

Nini basi kifanyike? Naona ziko kanuni nne, na zote zimetoka katika historia tuliyoisoma.

Kwanza, siku ya badala iandikwe siku ile ile ilipopatikana, na pande zote mbili zitie sahihi, kila upande ukibaki na nakala yake. Tikiti ilituonyesha madhara ya kalamu iliyo mkononi mwa mtu mmoja.

Pili, siku ilipwe upesi. Ahadi isiyo na tarehe ni kama embe lililoachwa juu ya mti hata likaoza. Lilikuwapo, lakini halikumfaa mtu. Mwajiri mwema haandiki tu "utapumzika baadaye". Huandika ni juma gani, na hupanga mapema nani atashika zamu. Mwezi mmoja ni muda wa kutosha kwa kazi nyingi. Mtu aliyechoka mwezi wa Machi hapumziki kwa siku atakayopewa Desemba.

Tatu, siku isifutwe kimya kimya. Ni kweli kwamba mwajiri anahitaji mpaka, maana siku zikirundikana bila mwisho, watu watano wataweza kuondoka kwa pamoja na kazi ikasimama. Lakini mpaka huo umsukume mwajiri kuitoa siku, usimpe njia ya kuimeza. Ikiwa mfanyakazi ameomba siku yake mara tatu na mara tatu amekataliwa, ni haki gani itakayosema kwamba imekufa kwa uvivu wake? Na mfanyakazi naye ana wajibu. Asizilimbikize siku kwa makusudi kama mchoyo anayefukia fedha, kisha akazidai zote wakati wa mavuno au wa mitihani.

Nne, fedha ziwe njia ya mwisho. Hapa najua kwamba wengi hawatakubaliana nami. Watasema, "Mwenye siku ni mwenyewe, akitaka kuziuza, shauri lake." Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa karo hailipwi kwa usingizi. Nami sikatai kwamba kazi ya siku ya mapumziko yaweza kulipwa kwa ujira wa ziada, kama walivyopatana tangu mwanzo. Tena mtu anapoacha kazi, na hapana tena nafasi ya kupumzika, siku zake zilizobaki zilipwe zote hata senti ya mwisho, wala asiombe kama mwombaji. Lakini maadam mtu bado yu kazini, na aliahidiwa siku, apewe siku. Dereva asiyelala hawezi kukaa macho kwa noti iliyo mfukoni, na muuguzi aliyekesha usiku wa saba haponi kwa kupewa bahasha. Tena siku ya mapumziko si ya mfanyakazi peke yake. Mtoto anayemwona babaye mara moja kwa mwezi ana fungu lake katika siku hiyo, naye hakuulizwa ilipouzwa.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi hamtakaa shuleni milele. Baada ya miaka michache mmoja wenu atakuwa karani, akishika daftari la zamu. Mwingine atakuwa msimamizi wa ghala, au mkuu wa shule, au mwenye duka lenye wafanyakazi wawili. Hapana hata mmoja wenu atakayemvalisha mwenziwe kikasha cha chuma shingoni. Nyakati hizo zimepita. Lakini atakuwako mtu mbele ya meza yako atakayesema kwamba Jumapili fulani alikuja kazini ulipomwita. Wakati huo usianze kutafuta maneno. Fungua daftari, tafuta jina lake, na kama siku yake imo, mwambie ni lini ataichukua. Na kama haimo, ilhali unajua kwamba alikuja, iandike.

Dawa ya deni ni kulipa.